Ukoo wa Vipele vya Chini ya Macho

Nyinyi watoto wa kliniki ya ngozi mmenisumbua sana. Tangu nirudi nyumbani Saboti kupumzika, simu yangu haipumui. "Mzee Situma, andika. Mzee Situma, tuachie hata ukurasa moja." Sasa mimi nitaandika aje na shule nilitoka kabla mwalimu ajue jina langu? Lakini sawa. Kalamu nimeazima, na maneno iko. Maneno kwangu haijawahi kuisha. Mke wangu husema siku ya kuzaliwa mdomo wangu ulitangulia, mwili ukafuata wiki iliyofuata.

Mambo ya mshahara sitasema. Ulikuwa mdogo hivi kwamba ukiuweka mkononi lazima ufunge dirisha. Cheo pia hakuna. Niliingia kama mtu wa kufagia, nikatoka kama mtu wa kufagia na kushika taa. Hiyo ya kushika taa ndiyo nataka kuwaambia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Julai, na mnajua Kitale ya Julai. Lakini baridi yenu ya siku hizi ni ya mchezo. Ile ya wakati wangu, ukiongea asubuhi maneno inaganda hapo mbele ya mdomo, watu wanakuja kuisikia saa sita jua ikitoka. Nikapewa fagio, nikafagia chumba ya ngozi mpaka simiti ikaniomba msamaha. Halafu akaingia Daktari Mwende.

Daktari alikuwa Mkamba, mama mwembamba, sauti ya chini, mtu wa kucheka na macho peke yake. Akaanza kupigana na taa. Hiyo taa nyinyi mliikuta imezeeka. Ilikuwa na shingo ndefu kama ya bata mzinga, na kichwani ilikuwa na kioo cha kukuza vitu, mviringo, kubwa kama sahani ya ugali ya mtu mwenye njaa, mwanga ukizunguka pembeni. Ilikuwa inafaa kusimama na magurudumu, lakini moja ilivunjika. Kila Daktari akiinama kuangalia mgonjwa, taa nayo inainama kuangalia Daktari.

"Wewe unaitwa nani?" akaniuliza.

"Situma."

"Mkono wako ni mzito ama mwepesi?"

"Daktari, mimi nikishika kuku, kuku inalala."

"Basi acha fagio. Shika hii."

Hivyo ndivyo nilipata kazi bana. Wengine hupata kazi kwa sababu ya masomo. Mimi ni gurudumu ilivunjika. Na ile siku gurudumu mpya ililetwa kutoka stoo, Daktari aliiangalia, akaniangalia, akairudisha stoo.

Kitu ya kwanza niliangalia na hicho kioo ni kidole yangu mwenyewe. Wueh! Ilikuwa na mabonde na milima kama barabara ya Kachibora wakati wa mvua. Halafu nikaona vishimo vidogo vidogo, na ndani ya kila kishimo kitone ya maji inang'aa. Nikaruka. Nikasema, "Daktari, natoboka!" Akaniambia hapana, hiyo ni jasho inatoka, nimeogopa tu taa. Kweli nilikuwa nimeogopa. Lakini sikumwambia.

Daktari alikuwa na sheria moja, na hiyo naomba msiipoteze hata mkipoteza funguo za choo. Mgonjwa akikaa, yeye ananawa mikono, anaipangusa, anaisugua ipate joto, halafu kabla aulize neno lolote anamgusa mahali kitu iko. Kama haina kidonda, mkono mtupu, hakuna glavu. Nikamuuliza kwa nini.

"Situma, tangu hii kitu imtoke, watu wanamsalimia kwa mbali. Mimi namrudisha kwa watu kwanza. Dawa itakuja nyuma."

Nimeona watu wakilia kwa kuguswa tu. Wanaume wa ng'ombe, wenye sauti ya kuita mtu kutoka Saboti akasikika Uganda.

Sasa, mambo ya vipele vya jasho. Kwa kliniki yetu tuliona kila kitu ya ngozi, lakini hivyo ndivyo vilinipenda, na mimi nikavipenda. Daktari alinifunza hivi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa namtafsiria kwa Kibukusu. Alisema ngozi ni kama shamba. Chini kuna visima vya jasho vingi sana, na kila kisima iko na mrija wake wa kupeleka maji juu. Saa ingine huo mrija unaota kupita kiasi. Ni kama vile umepanda punje moja ya mahindi, ikatoa mashina mbili. Haijaoza, haina mdudu, imezidi tu. Kwa hivyo mtu anaona vipele vidogo, rangi ni ile ya ngozi ama manjano kidogo, sana sana chini ya macho, huku na huku, na sana sana kwa wanawake. Haiambukizi. Si uchafu. Si laana. Si saratani. Wakati wa joto inaweza washa kidogo, basi. Ikikaa, inakaa tu kama mgeni hana haraka.

Daktari akisema hiyo yote kwa maneno kumi, mimi kwa Kibukusu natoa kama hotuba ya chifu. Ananiangalia. "Situma, nimesema hayo yote?"

"Daktari, Kiswahili inaenda na gari. Kibukusu inatembea na miguu, inasalimia watu njiani."

Mara moja kwa mwezi tulikuwa tunaenda kliniki ya Bungoma. Huko joto iko, na joto ndiyo chakula ya hizi vitu. Huko ndiko tulikutana na Barasa, mkaanga mandazi wa karibu na soko. Mandazi ya Barasa ilikuwa kubwa, ukibeba moja watu wanakuuliza kama unahama nyumba. Sasa huyu mtu alikuwa na kitu kando ya jicho, kama tone ya maji imefungwa ndani ya ngozi, inakaa bluu bluu hivi. Asubuhi ni ndogo kama punje ya wimbi. Akisimama kwa mafuta mpaka saa saba, imekuwa kama maharagwe. Jioni akipoa, inarudi chini.

Na wakulima walikuwa wameigundua! Mtu hanunui mandazi, anakuja tu kuangalia jicho ya Barasa. "Leo imefura, mvua hakuna, twende nyumbani." Ati wengine walikuwa wanapanda kwa kufuata hiyo jicho. Redio ilisikizwa na nani?

Daktari akamgusa, akanimulikisha, akasema hii ni kifuko kidogo, jasho imeingia ikakosa mlango ya kutoka. Joto inaijaza, baridi inaipunguza. Ukiitoboa na sindano maji inatoka, lakini kifuko kinabaki na itajaa tena. Ukitaka iishe, inatolewa na mfuko wake wote, na iko karibu na jicho kwa hivyo ni kazi ya daktari wa macho. Haitakuua.

Barasa akafikiria. "Sasa ikitolewa, watu watajua mvua namna gani?"

"Wataangalia juu," Daktari akasema.

Barasa alikataa. Alisogeza tu jiko nje kwa upepo na akatafuta mwiko mrefu kama wa kupikia harusi. Kitu ikapungua. Biashara ya hali ya anga nayo ikapungua.

Lakini msifikiri kila kitu ilikuwa ya kucheka. Kuna Mzee Wafula wa Tongaren, mkulima wa mahindi. Huyu aliletwa na wheelbarrow, mtoto wake akisukuma. Kwa unyayo alikuwa na uvimbe mwekundu, umesimama kama kipande ya nyanya, unatoka damu akikanyaga. Na pembeni yake ngozi yote ilikuwa imechimbwa chimbwa. Si unajua sisi? Kitu ikitokea kwa mguu, ni funza. Hakuna swali ingine. Boma yote walikuwa wamechimba hiyo funza. Bibi alichimba, watoto wakachimba, jirani alikuja akachimba. Mzee akasema ilifika mahali mgeni akija kusalimia anapewa pini kabla ya chai.

Mimi nilicheka. Daktari hakucheka. Hapo ndipo nilijifunza kuangalia uso wake kabla nifungue wangu. Alisema hii pia inaweza kuwa ni ya mrija wa jasho, huwa inapenda unyayo, na kawaida ni mpole. Lakini inatoka damu, na jicho peke yake hudanganya. Kuna vitu mbaya huvaa nguo kama hiyo hiyo, na hata hii yenyewe mara moja moja hugeuka. Ikatolewa yote, ikatiwa kwa chupa, ikapelekwa Eldoret ikaangaliwe na mashine yenye macho kuliko yetu. Hizo siku za kungoja, Mzee Wafula alikuwa anapiga simu mpaka nikajua kukohoa kwake. Jibu ikaja: ni ya jasho, mpole, imetoka yote. Nikampigia mimi mwenyewe, kwa Kibukusu, na salamu zake zote. Mzee akauliza, "Sasa Situma, funza ilikuwa wapi?"

Kwa hivyo nyinyi wadogo mshike hiyo. Yenye inakaa tu bila shida, tuliza mtu. Yenye inakua haraka, inatoka damu, ama ni kidonda hakiponi, hiyo usiseme maneno mingi. Toa, peleka ikapimwe.

Sasa kaeni vizuri, nifike kwa ile yenyewe.

Ilikuwa siku ya soko, na foleni ilitoka kwa mlango ikaenda mpaka nafikiri wa mwisho walikuwa wanahitaji pasipoti. Akaingia mama mmoja mkubwa, kitambaa kwa kichwa, mkoba kwa kwapa, na nyuma yake msichana ameinamisha kichwa kama anatafuta sarafu chini. Msichana anaitwa Nasimiyu, wa Tongaren. Mama si mama yake. Ni senge wa kijana mwenye anataka kumuoa, yaani shangazi yake, dada ya baba ya kijana. Nyinyi wa Bungoma mnajua senge ni nani. Baba anaweza kusema ndio, mama aseme ndio, pasta aseme ndio. Senge akikohoa, mambo inasimama.

"Daktari, harusi ni Jumamosi," Senge akasema, hata hajakaa. "Na huyu mtoto uso wake ni hiyo unaona. Kijana wetu anasema ni mapenzi. Mimi nasema ni ugonjwa. Toa leo, ama harusi nisimamishe."

Nasimiyu alikuwa na vipele chini ya macho, pande zote mbili, vidogo vidogo kama mtu amemwagia simsim. Mtoto mrembo bana. Mimi hata sikuwa nimeviona mpaka nikaambiwa.

Daktari akanawa, akasugua mikono, akamgusa hapo chini ya macho, pole pole. Msichana akafunga macho. "Ulianza kuviona lini?"

"Nikiwa darasa la nane."

"Inauma?"

"Hapana. Watu ndio wanauma."

Daktari akanishtua na kiwiko, nikasogeza taa. Akaangalia, akaeleza yale ya mrija na shamba. Akasema inaweza kuchomwa kidogo kidogo na mashine ya hospitali kubwa, lakini ngozi yetu nyeusi hubaki na alama, na mara nyingi vinarudi. Na akichomwa leo, Jumamosi ataingia kanisa na magamba. "Mimi singegusa," akasema. "Hii ni uso mzima, hauna ugonjwa."

"Basi kama nyinyi hamtoi, sisi tuko na dawa yetu," Senge akasema. "Nasimiyu, toa."

Msichana akatoa chupa ndogo, ile ya dawa ya kikohozi. Ndani ni maziwa meupe. Daktari akafungua, akanusa kwa mbali. Mimi hata sikuhitaji kunusa. Ile ni utomvu wa ile miti ya ua ya kijani haina majani, ile ukiivunja inalia maziwa. Kila mtoto wa huku ameambiwa asiichezee.

"Mnataka kuweka wapi?" Daktari akauliza, sauti imeshuka zaidi.

"Chini ya macho. Na kijiti ya kiberiti. Jirani alifanya kwa sugu, ikaisha."

"Mama, hii ikiteleza iingie jicho, atalala Ijumaa akiona na kuamka Jumamosi haoni bwana arusi ni yupi." Halafu akamgeukia msichana. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi ni fundi wa nguo. Gauni yangu nimejishonea."

Daktari akaweka chupa kwa meza, katikati, kila mtu aione.

Senge alikuwa ameanza kuyumba, lakini mtu kama huyo haangukagi kwa upepo ya kwanza. "Hii kitu alitoa wapi sasa?"

"Mara nyingi hutembea kwa familia," Daktari akasema. "Muulize mama yake, ama nyanya yake."

"Niangalie mimi mwenyewe hiyo kioo."

Daktari akasimama akampisha. Senge akainama kwa taa, akaweka uso karibu, akaangalia Nasimiyu kupitia kioo. Lakini kioo ni kioo, mkubwa akiangalia mdogo, mdogo naye anaangalia mkubwa. Na mwanga wote, mimi nikiwa nimeshika, ulikuwa umempiga Senge usoni. Nasimiyu akainua kichwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Senge," akasema pole pole. "Si hata wewe uko navyo."

Chumba ikanyamaza mpaka nikasikia jirani ya hospitali akigeuza chapati. Daktari akaenda upande ingine, akanawa tena, akamgusa Senge chini ya macho. Kweli! Vimejipanga kama viti za mkutano. Na Senge miaka yote anasema ni uzee na moshi ya kuni.

Nikajua imeisha. Nikajua Senge atacheka, tutacheka, waende nyumbani. Kumbe!

Senge akaketi. Uso umebadilika. "Daktari, si umesema inatembea kwa familia?"

"Nimesema."

"Mimi niko navyo. Huyu yuko navyo." Akashika kichwa. "Woi! Hii ni damu moja! Kijana wetu anaoa dada yake!"

Nyinyi wenye si wa kwetu, sikizeni. Kwetu kuoa mtu wa ukoo wako ni mwiko, hakuna mchezo. Kabla ya harusi wazee huuliza ukoo ya baba, ukoo ya mama, hadi ya nyanya. Walikuwa wameuliza. Ukoo ni tofauti kabisa. Mimi nikamkumbusha. "Mama, si wazee waliketi?"

"Wazee wanajua nini?" Senge akanirukia. "Babu yetu alikuwa na baiskeli!"

"Baiskeli?"

"Baiskeli! Hapa kote yeye peke yake ndiye alikuwa nayo. Alikuwa analala safari. Tulikuwa tunauliza anaenda wapi, tunaambiwa anauza tumbako." Akamuangalia Nasimiyu kama anamuona mara ya kwanza. "Na baiskeli ilikuwa inafika Tongaren."

Daktari akajaribu. Akasema vipele si kitambulisho, viko kwa familia nyingi zenye hazijuani. Lakini Senge hakuwa anasikia, alikuwa anafuata hiyo baiskeli kwa akili, kona kwa kona. "Harusi hakuna," akasema. "Nitaambia nini watu? Hakuna."

Hapo ndipo Nasimiyu alisimama. Machozi inashuka, inapita katikati ya vipele. Akachukua chupa kwa meza. "Kama ni hivi tu vinanikataza kuolewa, mimi nitavitoa. Saa hii. Hakuna mtu atasema tunafanana." Na akafungua kifuniko, kidole imefika mdomo wa chupa.

Mimi niko na taa mikono yote mbili, siwezi kuiacha, itamwangukia. Daktari akanyoosha mkono, lakini hakumnyang'anya. Ukimnyang'anya itamwagika, na itamwagika juu, kwa macho. Akasema tu, "Nasimiyu. Nasimiyu mwanangu."

Mlango ukafunguliwa, puu!

Ukuta wetu mnaijua, ni mbao. Foleni yote ilikuwa imesikia kuanzia baiskeli. Mwenye aliingia ni Mama Hansa, yule Mhindi wa duka la vitambaa hapo mjini. Amezaliwa Kitale, anaongea Kibukusu kuliko watoto wangu. Alikuwa amekuja na mkono wake wenye ulikuwa unamwasha. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa taa, akavua miwani, akaingiza uso chini ya kioo.

"Mulika!" akaniamrisha.

Nikamulika. Haki ya Mungu, chini ya macho ya Mama Hansa vilikuwa vimejaa. Vile vile! Manjano kidogo, huku na huku, kama ameazima kwa Senge.

"Mama yangu alikuwa navyo," akasema. "Na mama yake, kule India, hajawahi kuona Kitale hata kwa picha." Akamgeukia Senge, mikono kwa kiuno. "Sasa mama, nieleze. Hiyo baiskeli ya babu yenu ilifika na India?"

Senge akavuta mkoba kwa kwapa.

"Alivuka bahari akiendesha, ama aliibeba kwa kichwa?"

Foleni ikalipuka huko nje. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hiyo tumbako ilikuwa ya maana!" Senge akajaribu kukasirika, akashindwa. Tumbo ilianza kwanza, halafu mabega, halafu kitambaa ikaanguka. Alicheka mpaka kiti ikasonga. Alicheka mpaka akasema, "Daktari, wacha, nitazaa."

Halafu akasimama akaenda kwa Nasimiyu. Akamuangalia. Msichana bado ameshika chupa. Na Senge, sijui aliona wapi, labda alikuwa amemtazama Daktari, akasugua mikono yake mbili, akamgusa chini ya macho na vidole gumba.

"Leta hiyo chupa mwanangu," akasema. "Jumamosi nataka unione."

Nasimiyu akampa Daktari. Daktari akafunga kifuniko kwanza, ndio akapumua. Akanipa nikaimwage shimoni, na nikaibeba vile mtu hubeba nyoka ya jirani, mkono mrefu.

Harusi ilikuwa, na mimi nilikula hapo mpaka nikarudi nyumbani nikiwa na uso kama wa mtu amefiwa, nyama imeniziba pumzi. Picha ziko. Senge mwenyewe alimwambia mpiga picha asogee karibu. Mama Hansa alikaa kwa viti za ukoo, upande wa senge, na mtu akiuliza anahusiana aje, watu wanasema, "Ni wa baiskeli." Senge akampelekea kuku ya heshima, vile tunafanya kwa mtu wetu. Sasa Mama Hansa hali nyama. Hajawahi tangu azaliwe. Kuku ikakaa nyuma ya duka, ikataga, ikaangua, na leo ukinunua kitambaa ya suruali hapo, jogoo ndiye anakuambia bei.

Nasimiyu naye Mama Hansa alimpa mahali kwa veranda ya duka aweke cherehani. Mpaka leo yuko hapo. Binti yake sasa ameanza kutoa vipele viwili vitatu, na hajaletwa kliniki. Aliletwa kwangu kuonyeshwa tu, kama jino ya kwanza.

Daktari Mwende alihamishwa, halafu akastaafu kwao kabla yangu. Siku zangu zikafika pia. Taa mmeiweka stoo, najua. Msiitupe.

Wiki ya mwisho nilienda kwa hiyo veranda kuchukua suti ya kustaafu. Kitambaa ni zawadi ya Mama Hansa, kushona ni ya Nasimiyu. Kifungo kimoja kilikuwa kinalegea, nikasema nitakishikisha mimi mwenyewe, kwani mimi ni mtoto? Nikachukua sindano na uzi. Nikalamba uzi. Nikakunja jicho. Nikajaribu na mkono wa kulia, nikajaribu na wa kushoto, nikajaribu na kuomba. Hicho kishimo cha sindano kilikuwa kinanikimbia kama kuku ya Mama Hansa.

Nasimiyu akaniangalia, akacheka. Akachukua sindano kwa mkono wangu. Hakuvaa miwani, hakusogea kwa mwanga, hata hakuacha kuongea na mteja mwenye alikuwa anataka sare ya shule. Uzi ukapita mara moja.

"Mzee Situma," akaniambia, "umeshika taa miaka hiyo yote na hauoni?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nilikuwa namulikia wengine."